Ukuta wa Minza

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na kama kusahau kungekuwa hiari ya mtu, ningekuwa nimeisahau zamani. Nilikuwa mjini Shinyanga, nimeinamia meza ya kuchorea, wembe mpya mkononi, na chini ya wembe palikuwa na jina la mwanamke mwenzangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kazi yenyewe haikunichukua hata robo saa.

Umeniandikia kwamba huko ofisini kwenu wasichana mnataka kuanzisha umoja wenu wa wanawake wasanifu majengo, na kwamba wewe unasitasita, kwa sababu mkubwa wako amekunong'oneza kuwa ukikaa mbali na kelele hizo atakukumbuka. Unaniuliza ufanyeje. Ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja, lakini jibu la mstari mmoja halina uchungu, na wewe nataka uuonje uchungu. Keti basi. Sisi wazee tukianza hatumalizi haraka.

Wewe unachora kwa kompyuta; ukikosea unabofya, kosa limekwenda. Sisi tulichora kwa wino juu ya karatasi ngumu inayopitisha mwanga. Ukikosea, raba haikufai kitu. Ulichukua wembe ukakwangua wino taratibu, kama mtu anayeparua magamba ya samaki mdogo, kisha ukasugua mahali pale kwa ukucha mpaka pakawa laini, ili wino mpya usitambae. Mimi nilisifika kwa kukwangua. Wanaume wa chumba kile waliniletea makosa yao niwaondolee, nami nikavimba kichwa, nisijue kuwa sifa nyingine ni mtego.

Hiyo ilikuwa ofisi moja ya ujenzi, miaka ya sabini, wakati vijiji vipya vikianzishwa kila upande na kila kijiji kikitaka shule na zahanati. Wachoraji tulikuwa kumi na mmoja, wanawake watatu. Mkubwa wetu sisi wanawake alikuwa dada Minza, Msukuma, binti wa wakulima wa pamba upande wa Geita. Mwanamke mrefu, mpole wa sauti na mkaidi wa roho. Wa pili alikuwa Zuhura, mzaliwa wa pale pale mjini, mtoto wa fundi cherehani, mcheshi hata kwenye msiba. Wa tatu mimi, Tereza, Msumbwa wa Ushirombo, niliyesomeshwa na masista na kuamini kuwa binti mtiifu hapotei.

Kwenye kona ya kila mchoro palikuwa na kisanduku cha majina: amechora fulani, amekagua fulani. Sisi wanawake tulichora, lakini jina lililoandikwa lilikuwa la mwanaume wa meza ya jirani. Tukiuliza, tunaambiwa sisi ni wafuatishaji tu, tunapitisha wino juu ya mawazo ya wenzetu. Labda utasema, jina ni nini? Jina lilikuwa kila kitu. Waliokuwa wakichagua watu wa kwenda chuo kusomea usanifu walitaka kuona michoro yenye jina la mwombaji. Huna jina, huna chuo. Utafuatisha mpaka mgongo upinde.

Minza ndiye aliyetukusanya. Kwao, wanawake hupalilia pamba kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na anayepaliliwa shamba lake kisha akakwepa zamu ya mwenzake, siku ya msiba hapati wa kumtekea maji. Akasema sisi nasi tufanye hivyo. Basi kila Jumamosi mchana tukawa tunakutana uani kwa kina Zuhura, tunamenya karanga za mama yake na kupanga mambo yetu.

"Anayechora aandike jina lake," Minza alisema. "Wakilifuta la mmoja, tunaweka kalamu chini wote watatu. Na baina yetu, asiwepo wa kugusa jina la mwenzake."

Zuhura akacheka. "Dada nawe! Nani atagusa la mwenzake? Tuko watatu tu, tutaligusa kwa faida ya nani?"

Tulicheka wote. Kidole kimoja hakivunji chawa, tukasema, tukaendelea na karanga zetu.

Na ilifanya kazi, mwanangu. Usisikie watu wakisema umoja wa wanawake ni porojo. Mimi niliuona ukifanya kazi kabla sijauua. Mkuu wa chumba chetu, nitamwita Maganga ingawa si jina lake, maana wanawe wapo na hawana kosa, alifuta jina la Zuhura kwenye ramani ya shule. Tukaweka kalamu chini. Siku ya kwanza walitutania, wakatuita kikao cha karanga. Siku ya pili michoro ikawa inahitajika na hakuna wa kuimaliza. Siku ya tatu asubuhi Maganga alirudisha jina la Zuhura kwa mkono wake mwenyewe, amenuna kama aliyemezeshwa kwinini. Kwa nusu mwaka majina yetu yakakaa mahali pake.

Katika nusu mwaka huo Minza alichora wodi ya wazazi. Ilikuwa ya kituo cha afya katika kijiji kipya, ukishaipita Kahama, njia ya kwenda kwetu Ushirombo. Kijiji chenyewe sikitaji, watu wake wameumia vya kutosha. Wanawake hatukuruhusiwa kupanda gari la ofisi kwenda kwenye ujenzi. Ilisemwa si salama, na asiye salama ni nani hawakusema. Kwa hiyo Minza alipanda basi kwa nauli yake siku za mapumziko, akaenda kukaa kisimani na wanawake wa pale, akawauliza wanazalia wapi na kwa nini hawaendi hospitali. Alirudi amejaa vumbi na amejaa maneno.

Alinionyesha mchoro ule kabla ya mtu mwingine yeyote. Mbele ya mlango wa wodi alikuwa amechora ukuta mrefu uliosimama peke yake, haukubeba paa wala haukushikana na chumba chochote.

"Wajua kazi yake?" aliniuliza.

"Sijui, dada. Naona kama umesahau kuumalizia."

"Hapa kuna baraza la wagonjwa wengine. Watakaokaa pale ni nani? Wazee wa kiume, maana ndio wenye mikokoteni na baiskeli za kuleta wagonjwa. Sasa wewe ni mkamwana, uchungu umekushika, unagumia, nguo zimelowa, na barazani amekaa baba mkwe wako. Utapita?"

Nikatikisa kichwa. Hilo halikuhitaji maelezo. Kwetu huko, iwe kwa Wasukuma, iwe kwa Wasumbwa, mkamwana hapiti ovyo mbele ya baba mkwe. Akimwona njiani huingia porini akampisha. Kupita mbele yake ukiwa katika hali ile ni aibu ambayo mwanamke wa wakati ule angeona heri kifo.

"Basi," akasema Minza, "huu ukuta ndio mlango wenyewe. Mlango ule mwingine ni tundu tu la kuingilia."

Chini yake akaandika jina lake, kwa herufi zake nyembamba zilizosimama wima.

Mchoro ule ukapendwa. Wageni waliotoka makao makuu waliusifu, wakauliza ni wa nani, na Maganga hakujibu. Kesho yake akaniita. Alinikaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniuliza habari za wazazi, akanisifu utulivu wangu. Kisha akasema nafasi ya chuo ya mwaka unaofuata ni moja tu kwa wanawake, na anayependekeza jina ni yeye. Akausogeza mchoro wa Minza kwangu.

"Wewe una mkono mwepesi, Tereza. Kona ile imechafuka. Isafishe, uandike jina langu."

Mwanangu, nisikudanganye kuwa nilitishwa. Sikutishwa. Nilikitaka chuo. Nilikitaka kiasi kwamba nilipotoka mle ndani nilikuwa nimeshajipa sababu zote: kwamba Minza ataolewa karibuni, kwamba yeye hodari atachora mwingine, kwamba mimi nikifika juu nitawavuta wote. Tamaa ikishaingia, haikosi wakili. Nikafungua wembe mpya nikaanza na herufi ya mwisho, nikirudi nyuma mpaka ya kwanza.

Minza aligundua baada ya miezi miwili, na aligundua vibaya. Alikuwa ameomba chuo, na kwenye maombi akaitaja wodi ile kuwa kazi yake. Walioyapokea wakautazama mchoro, wakakuta jina la Maganga, wakamrudishia barua kali kwamba anajitwalia kazi ya mkubwa wake. Akapewa onyo la maandishi na kuhamishiwa stoo akahesabu misumari. Siku ile alikuja chumbani kwetu, akautoa mchoro kabatini, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Pale kwenye kona, ukitazama vizuri, jina lake lilionekana bado kama kivuli.

Akatugeukia, Zuhura na mimi. "Nani ameshika wembe?"

"Sijui, dada," nikasema, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Zuhura alinyamaza kwa mshtuko tu, maskini, yeye mwepesi wa maneno siku zote. Mimi ndiye niliyesifika kwa kukwangua, lakini nilikuwa nimejibu upesi; Minza akauona ule ukimya wa Zuhura akadhani ameuelewa. Nami nikamwacha adhani. Hapo ndipo nilipofanya ubaya mkubwa kuliko ule wa wembe, na nautaja kwa sababu wengi hudhani kosa la kwanza ndilo zito. Kuanzia siku ile Minza hakumsalimia tena Zuhura, Zuhura hakujua kosa lake, na zile karanga za Jumamosi zikamenywa na mama yake peke yake. Kikundi chetu kikafa hivyo, bila hata kuvunjwa na Maganga. Mwezi uliofuata Minza aliacha kazi, akaenda zake kwao Geita.

Haukupita muda mrefu akaja fundi Ramadhani, aliyesimamia ujenzi wa wodi ile. Mzee mwangalifu, asiyeweka tofali bila kujua sababu yake. Alisimama mbele ya meza ya Maganga na ramani mkononi.

"Ndugu mkuu, nimekuja kuuliza. Hapa kuna ukuta sioni kazi yake. Haubebi kitu. Na matofali yamepungua. Niujenge au niuache?"

Maganga aliutazama ukuta ule kama mtu anayetazama mtoto asiye wake. Hakujua. Angejuaje? Kulikuwa na mtu mmoja tu chumbani mle aliyejua, naye alikuwa ameshika kalamu, ameinamisha kichwa.

"Uache," Maganga akasema. "Ni pambo tu."

"Nilidhani labda ni wa kuwasitiri akina mama," fundi akasema kwa adabu, maana naye alikuwa na mabinti.

"Kuwasitiri!" Maganga akageuka kututazama ili tushangilie. "Mzee Ramadhani, mficha uchi hazai! Wakishikwa na uchungu watapita tu."

Chumba kizima kikacheka. Mimi nami nikacheka. Ningefungua mdomo kusema kazi ya ule ukuta, wangeniuliza nimejuaje, na ningejibu nini? Zuhura peke yake hakucheka, lakini yeye Minza hakuwahi kumweleza kazi ya ule ukuta. Fundi Ramadhani akakunja ramani yake akaondoka.

Wodi ikafunguliwa kwa ngoma na hotuba. Mimi nikapewa zawadi ndogo kabla ya ile kubwa: nikawa mwanamke wa kwanza kupanda gari la ofisi. Ndivyo nilivyofika kwenye kijiji cha wodi ya Minza, nimetumwa kupima baraza la wagonjwa ili liongezwe. Nilikuwa na utepe wa kupimia na daftari, na kiburi kidogo bado.

Ilikuwa asubuhi, siku ya kliniki. Barazani walikaa wanaume wapatao kumi. Ukaja mkokoteni wa ng'ombe umembeba msichana mmoja. Jina lake lilikuwa Kabula, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mume alikuwa safarini. Aliyemleta ni baba mkwe, amekwenda kwa miguu mbele ya ng'ombe bila kugeuka nyuma, kwa heshima, na mama mkwe amekaa juu akimshikilia. Yule mzee alifanya alichopaswa kufanya. Alifika, akawafunga ng'ombe, akaenda kukaa barazani na wenzake asubiri. Baraza lilitazama mlango wa wodi moja kwa moja.

Kabula aliteremka akasimama. Akautazama mlango. Ulikuwa karibu, mwanangu, hatua ishirini. Nilikuja kuzipima baadaye. Kati yake na mlango palikuwa peupe, na ng'ambo alikuwa baba mkwe wake. Akatikisa kichwa. Mama mkwe akamsihi kwa Kisukuma, akamvuta mkono, lakini yule binti akajinasua akazunguka nyuma ya jengo, palipokuwa na magugu na mabaki ya matofali, akachuchumaa huko, ameuma nguo yake asisikike.

Mama mkwe akabaki njia panda, kwenda kumwambia mzee aondoke hawezi, maana atamtamkiaje mume wake jambo kama lile mbele ya wanaume? Akanijia mimi, mgeni niliyevaa viatu.

"Mayu, mama yangu, nisaidie. Mkamwana wangu anakufa kule nyuma. Hawezi kupita."

Nikakimbia kumwita mkunga, nesi Felista. Alikuwa na wagonjwa wawili mikononi. Akatoka hata hivyo, mikono imelowa. Tulipofika nyuma, damu ilikuwa imeshatangulia. Wanawake waliokuja kliniki wakaja, hakuna aliyewaagiza. Wakavua kanga zao, wakazishika kwa ncha, wakasimama mistari miwili kutoka kwenye magugu mpaka mlangoni, kanga kwa kanga, na Kabula akapitishwa katikati akiwa amebebwa. Nilishika ncha ya kanga moja. Nilipotazama, tulikuwa tumesimama pale pale, kwenye mstari ule ule ambao Minza aliuchora.

Walichelewa. Mtoto alitoka kimya, na mama yake akamfuata kabla ya adhuhuri. Yule mzee barazani alipoelezwa alisimama, akavua kofia, akakaa tena. Alirudia neno moja: "Ningeondoka. Mngeniambia tu, ningeondoka."

Nesi Felista aliniambia wakati akinawa mikono, bila hasira, kama anayetaja habari za mvua: "Si wa kwanza. Wengi wakiliona baraza hurudi kuzalia nyumbani. Sijui nani alichora jengo hili. Ningemjua ningemwita aje aone."

Sikumwambia. Hata hapo, sikumwambia. Niliandika vipimo vya baraza nikapanda gari.

Wiki mbili baadaye barua ya chuo ilifika, yenye jina langu. Niliikunja nisimwonyeshe mtu. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi mpaka Geita, na kutoka Geita nikauliza njia mpaka Rwamgasa, ambako niliambiwa Minza anaishi. Nilimkuta kwenye machimbo madogo ya dhahabu, amekaa chini na wanawake wengine, kitambaa kimefunga pua na mdomo, anaponda mawe ya wachimbaji kwa nyundo. Vumbi lilikuwa jeupe mpaka kwenye kope. Vidole vile vilivyoshika kalamu ya wino vilikuwa vimepasuka.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, Tereza." Hakuacha kuponda.

Nilimwambia yote. Nilianza na wembe, nikalia. Nikaja kwa Zuhura, nikalia zaidi. Nilisema nimelila jina lake, nimeinunua nafasi yake, sistahili hata kuitwa mtu. Alisikiliza kama asikilizaye habari ya mbali. Kisha akauliza swali moja.

"Wodi imejengwa?"

"Imejengwa."

"Na ukuta?"

Nyundo ikasimama.

"Fundi aliuliza, dada. Maganga akasema uachwe."

"Nawe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisema kazi yake?"

Nikamsimulia Kabula. Alifungua kitambaa usoni, akaniangalia kwa mara ya kwanza, na macho yale sijaonana nayo tena kwa mtu mwingine. Wale wanawake wengine nao wakaacha kuponda.

"Jina langu ungelila peke yake, Tereza, ningekusamehe," alisema. "Mtu hula cha mwenzake akiwa na njaa, nami najua njaa yako. Lakini ulikula na maneno yangu. Wale wanawake wa kisimani walinipa maneno yao niwapelekee, mimi nikakupa wewe, wewe ukayakalia. Unadhani nilipigania jina ili nisifiwe? Jina huandikwa pale ili fundi akikwama ajue aende kwa nani. Ulimwondoa wa kuulizwa, kisha mwenyewe ukakataa kuulizwa."

"Nisamehe, dada."

"Mimi si mwenye msamaha. Mwenye msamaha mmemzika." Akafunga kitambaa chake. "Na usiniletee habari ya kukataa chuo ili ujisikie umelipa. Ukikataa, nafasi atapewa mwanaume mwingine, nami nitakuwa nimeumia bure. Kwanza nenda kwa Zuhura, umwoshe jina. Uandike ulichofanya, uwapelekee wakubwa. Ukuta ujengwe. Halafu wakikuchukua, nenda kasome. Usirudi hapa."

Nilifanya alivyosema. Zuhura alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha uani. Aliniambia, "Mwaka mzima nimejiuliza nimemkosea nini," akafunga mlango. Nikaandika barua ya kukiri, kurasa tatu, nikitegemea kufukuzwa. Unajua walinifanya nini? Hawakunifanya kitu. Nakala yake ilirudi imeandikwa pembeni: Imeonekana. Ihifadhiwe. Kukwangua jina la mwanamke halikuwa hata kosa la kuadhibiwa. Nililia siku ile kuliko siku zote, maana nilielewa jinsi nilivyomuuza rahisi.

Ukuta ulijengwa. Fundi Ramadhani alikuja siku zake za mapumziko, na wanawake wa kijiji wakafyatua matofali yaliyopungua, na Zuhura akaja, akashika upande wake wa kazi bila kunisemesha. Hata hivyo ulipita mwaka na zaidi kabla wanawake hawajaanza kuingia wodini mle. Pahali palipoua, watu hupakwepa.

Mimi nilikwenda chuo, nikawa msanifu. Katikati ya miaka ya themanini tulikusanyana wanawake wa vyumba vya kuchorea vya Shinyanga, Mwanza na Tabora, tukaanzisha umoja wetu, na kikao cha kwanza nilikifungua kwa kuwasimulia haya niliyokusimulia wewe. Wengine walisimama wakatoka. Zuhura alibaki. Jambo la kwanza tuliloomba ni kwamba wodi ile iandikwe ni kazi ya Minza. Tukajibiwa kuwa barua yangu na kivuli cha jina havitoshi, hakuna ushahidi. Na ni kweli haukuwepo, niliuondoa vizuri. Minza tulimwalika, hakuja. Alifariki huko huko Rwamgasa kabla ya miaka ile ya themanini kwisha, kwa ugonjwa wa kifua, vumbi la mawe limemjaa. Nilikwenda kumzika. Nilisimama nyuma ya watu, maana mbele hapakuwa pangu.

Sasa mwanangu, nakujibu. Ingia kwenye umoja huo, uingie mapema, na usiingie kwa ajili ya kupanda cheo. Mkubwa anayekunong'oneza hakupendi, ametafuta mwenye mkono mwepesi. Piganieni majina yenu kwenye michoro, msione haya, maana kazi isiyo na mwenyewe haina wa kuulizwa, na wasioulizwa huwaua watu wasiowajua. Ukiona mwenzako anashukiwa kwa kosa lako, sema siku ile ile. Kesho yake ulimi unakuwa mzito mara mbili. Ukimkosea mwenzio, usimpelekee machozi kabla ya kutengeneza ulichoharibu. Na fundi akiuliza, hata kama jibu litakuvua nguo mbele ya watu, jibu. Majuto ni mjukuu, husema watu. Wangu nimemlea miaka arobaini na ushee, bado hajaota meno, bado anataka kubebwa.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe jina, na akupe mdomo. Akuepushe na siku ya kulazimika kupoteza kimojawapo. Na siku hiyo ikifika, akujalie lipotee jina.